Upinde wa Babu na Bei Yake

  Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya upinde wa zamani: namna ya kuukagua, kuujulia bei, na kuupiga bila ya kuumia.

Pengine utasema, "Upinde wa nini siku hizi?" Swali zuri. Huenda darini mwako umo upinde wa babu yako. Siku moja atakuja mgeni, atautazama, kisha atasema, "Kijiti hiki nitakupa shilingi 20,000." Utamjibu nini? Asiyejua thamani ya kitu chake hawezi kupatana bei.

NAMNA ZA PINDE

Pinde za kwetu kwa kawaida ni za kipande kimoja cha mti. Lakini ziko nyingine ambazo ncha zake zimekunjwa kwenda mbele, upande wa shabaha. Waturuki wa kale walizitengeneza kwa mti, pembe na kano za mnyama. Upote, yaani kamba ya upinde, ukivutwa, ncha zile hufunguka, na upinde mfupi hupata nguvu nyingi. Mtindo huo ndio unaotumika katika Michezo ya Olimpiki tangu mchezo wa upinde uliporudishwa mwaka 1972.

Hata hivyo, usiudharau upinde wa kwetu. Waata wa Kenya, karibu na Tsavo, waliwinda ndovu kwa pinde ndefu. Kuvuta baadhi ya pinde hizo kulitaka nguvu kama ya kuinua mzigo wa kilo 45 na zaidi.

KUKAGUA

Ukitaka kununua upinde, au kuuza wako, fanya hivi. Kwanza, utoe nje kwenye mwanga. Pili, upitishe kitambaa cha pamba toka ncha hata ncha. Kitambaa kikinasa, hapo pana ufa au kibanzi. Tatu, tazama matundu ya wadudu na unga wa mti. Nne, funga jicho moja, uutazame kwa urefu, uone kama umejipinda upande. Tano, tazama upote. Upote mpya juu ya upinde wa kale si kosa, lakini mnunuzi aambiwe.

Usiukwangue, wala usiupake rangi. Alama ya jasho pale palipokuwa pakishikwa ni ushahidi wa kazi yake. Ukiifuta, umefuta sehemu ya bei.

BEI

Sasa tufanye hesabu. Tuseme fundi huchukua siku 3 kuchonga upinde mpya, na kibarua cha siku moja ni shilingi 10,000. Tatu mara elfu kumi ni 30,000. Basi yule mgeni wa shilingi 20,000 hajalipa hata jasho la fundi! Na hapo hatujahesabu historia.

Historia ni nini? Tazama wilaya yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1905 Vita vya Majimaji vilianza katika vilima vya Umatumbi, huko Nandete. Watu walipigana na Wajerumani kwa mikuki, magobori, pinde na mishale, mpaka mwaka 1907. Baadhi ya silaha na vitu vya vita hivyo vilichukuliwa, navyo vimo katika makumbusho ya Berlin. Upinde ambao ukoo wako unajua ulitoka katika vita hivyo si sawa na upinde usio na habari.

Lakini habari isiyoandikwa hupotea na mzee aliyeijua. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa. Muulize bibi yako au mjomba wako leo, kisha andika: nani aliuchonga, wapi, kwa mti gani, nani aliurithi. Andika lile unaloambiwa tu. Usiongeze chumvi ili bei ipande. Weka nakala mbili. Ukiuza, dai stakabadhi.

Tena kumbuka sheria. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, vitu vya asili vya namna hii havipelekwi nje ya nchi bila ya kibali. Kabla ya kumuuzia mgeni, uliza kwanza ofisi ya utamaduni ya wilaya.

KUPIGA

Upinde uliokaa darini miaka mingi umekauka. Usiuvute kwa ghafula, utavunjika usoni mwako. Tia upote, vuta kidogo, legeza. Vuta tena zaidi kidogo. Ukisikia mlio wa kupasuka, acha kabisa. Upinde huo sasa ni wa kutunza tu.

Usifyatue upinde mtupu usio na mshale. Nguvu ambayo ingekwenda na mshale hurudi katika mti na kuupasua. Ukimaliza, vua upote, uulaze upinde juu ya vigingi viwili, mbali na jua na moshi.

Piga shabaha ya gunia la majani, pasipo mtu nyuma yake. Usipige mnyama wa porini: Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila ya leseni. Wala usiingie na upinde katika hifadhi.

Na mishale ya zamani? Usiguse chembe zake kwa mkono mtupu, na watoto wasiichezee. Sumu ikiwa kavu huweza kudumu miaka mingi. Daktari John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka 1858, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipoutumia, mapigo ya moyo wake yalibadilika. Baadaye waganga walitengeneza dawa ya moyo kutokana na mmea huo. Lakini kipimo cha dawa anakijua mganga, si mshale.

MASWALI

1. Kwa nini upinde mtupu usifyatuliwe?
2. Fundi akichukua siku 5, kibarua kikiwa kile kile, bei ya kazi yake ni shilingi ngapi?
3. Andika mistari mitano juu ya kitu kimoja cha kale kilichomo nyumbani mwenu. Mlete karatasi hiyo darasani.

Kwa herini, ndugu zangu, mpaka somo lijalo.