Mfuko wa Mvuvi wa Dago: Dona au Sembe, Dagaa au Mbaazi?

Mvuvi wa dago ni mgeni asiye na shamba. Akitoka Unguja, Mafia au Mtwara kuja kuvua Somanga, Kilwa Kivinje au Songosongo, hata kisamvu hununua. Samaki wazuri huuzwa. Kusi ikichafua bahari, hubaki sembe na chai ya sukari. Mlo huo hushibisha, lakini ukizoeleka huleta upungufu wa damu, na mtoto aliyefuatana na wazazi wake hudumaa. Tulinganishe basi anachoweza kupata kwa fedha yake.

Unga

Sembe imekobolewa; pumba na kiini, vyenye madini ya chuma na vitamini B, vimebaki mashineni. Dona inavyo vyote, na kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kasoro yake ni mafuta ya kiini: huchacha upesi katika joto la pwani, kwa hiyo saga kidogo kidogo. Unga wa muhogo huweza kuwa wa bei ya chini kuliko yote, ila kilo moja ina protini gramu 20 hivi, robo ya dona. Tena muhogo mchungu usiolowekwa na kukaushwa barabara una sumu inayoweza kupoozesha miguu.

Kitoweo: protini katika kilo moja

- Samaki mbichi mzima, ukitoa kichwa, miba na matumbo: gramu 100 hivi
- Mbaazi kavu: gramu 200 hivi
- Dagaa waliokauka vizuri: gramu 600 hivi, pamoja na kalisi ya mifupa

Hata dagaa wakiuzwa mara tatu ya bei ya samaki, bado protini yao inakugharimu nusu. Mbaazi, zao la mkoa huu wa Lindi, hula kuni nyingi. Ziloweke usiku kucha. Kamulia ndimu, na chai inywewe mbali na mlo, maana chai huzuia mwili kupata madini ya chuma.

Namna ya kununua

Anayepima kidogo kila siku hulipa zaidi kwa kilo. Anayekopeshwa chakula na tajiri mwenye chombo hulipa kwa kukatwa katika mauzo, mara nyingi bila kujua bei.

Uamuzi

Wewe na wenzako wa chombo kimoja mchange debe la mahindi ya dona na sado la mbaazi. Dagaa na mboga za majani zifuate. Nanyi matajiri, tajeni bei ya chakula kabla chombo hakijashuka majini. Mvuvi anayewaletea samaki anastahili kujua anakula kwa kiasi gani.