Kalamu Imo Katikati ya Kipande

Mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, hana kazi na kipande cha mpingo chenye urefu wa kidole. Mkereza kalamu anakihitaji. Kalamu ya kawaida ya kukereza, ile ya seti ya milimita 7, huundwa kwa vipande viwili vya mbao, na ndani ya kila kimoja hugundishwa kibomba cha shaba chenye urefu wa takriban milimita 53. Kata kipande cha milimita 60 na umeshapata nusu ya kalamu, pamoja na ziada ya kusawazisha ncha zote mbili.

Kipimo kinachozoeleka ni kijiti cha milimita 19 kwa 19, urefu 130, ili nusu zote mbili zitoke kwenye mbao moja. Hicho ni kipimo cha kujinafasi. Unene wa 15 unatosha, mradi tundu lipite katikati. Pembe zilizomeguka zisikusumbue, maana kerezo ingeziondoa hata hivyo.

Sasa piga hesabu. Tundu ni milimita 7. Kalamu ikikamilika, pale mbao inapokutana na chuma kipenyo ni kama milimita 8.4. Mbao iliyobaki hapo ni ganda la milimita 0.7 tu, tumboni mwa kalamu huenda likafika 1.5. Ule mchoro mzuri uliokuvutia juu ya kipande wote utakuwa vumbi sakafuni.

Kwa hiyo usichague mbao kwa uso wake. Igeuze uitazame kichwani, pale ilipokatwa. Chora mistari miwili kutoka kona hadi kona, na inapokutana zungushia duara la upana wa sentimita moja. Kilicho kwenye ukingo wa duara hilo ndicho kitakachoonekana. Mpingo una moyo mweusi na mbao ya nje ya rangi ya maziwa yaliyochanganyika na njano, na wanunuzi wengi hupenda rangi zote mbili kwenye kalamu moja. Mpaka wa rangi hizo ukipita milimita 2 kutoka katikati, utapata kalamu nyeusi yenye utepe mweupe ubavuni. Ukipita milimita 6, weupe wote umekwenda na vumbi.

Ufa nao hupimwa kwa duara hilohilo. Wa pembeni si kitu. Unaoingia ndani, tupa kipande, kwani ganda jembamba namna ile halivumilii viraka. Nyufa za unywele huwa hazionekani, ila ukipangusa kichwa kwa spiriti, mbao hukauka upesi na ufa hubaki na mstari wa unyevu.

Adui mkubwa, kwa maoni yangu, ni mbao mbichi. Mbao husinyaa, shaba haisinyai, na ganda lisilo na pa kwenda hupasuka, pengine wiki kadhaa baada ya mteja kulipa. Kata vijiti kwanza ndipo uvikaushe kivulini, kwa kuwa chembamba hukauka haraka kuliko gogo. Kimoja ni chepesi mno kwa mizani ya jikoni, basi funga kumi pamoja, upime kila wiki hadi uzito uache kushuka. Hata hapo, vilivyotulia Tanga vipumzishe tena kama utavikereza Dodoma, kwenye hewa kavu.

Anayejifunza asianze na mpingo: hupata joto kwenye drili na kupasuka, na humlazimu fundi kuichomoa kila mara. Mninga ni mpole zaidi. Mfenesi pia unafaa, ingawa unjano wake huelekea kahawia kadiri miaka inavyopita.

Anayeuzia wageni ajue kwamba mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na kuutoa nchini huhitaji kibali. Marekebisho ya 2019 yaliziondoa kwenye sharti hilo bidhaa zilizokamilika, iwapo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena. Kijiti ambacho hakijakerezwa hakihesabiwi humo, hivyo mgeni auziwe kalamu.