Nasaba ya Msiri: Kutoka Usumbwa hadi Katanga

Nasaba ya watawala wa Bunkeya, mji ulio kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, yahitaji kusomwa kwa uangalifu. Anayehesabu majina ya watawala hahesabu vizazi.

Asili ya ukoo huu ni Usumbwa, magharibi ya Tanzania ya leo. Kalasa alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba Katanga. Mwanawe, Ngelengwa, ndiye aliyekuja kujulikana kwa jina la Msiri. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alijenga dola lililotegemea shaba, pembe za ndovu, watumwa na bunduki. Wafuasi wake, Wayeke, walioa wenyeji na hatimaye wakachukua Kisanga kuwa lugha yao. Mwenendo huu si wa Katanga peke yake: Rollo na Waviking wake, waliopewa ardhi kaskazini ya Ufaransa mwaka 911, nao waliacha lugha yao wakashika Kifaransa.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa William Stairs uliomtumikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alitawala hadi 1910, mwaka ambao Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilianzishwa. Aliyemfuata, Kitanika, alikuwa mwana mwingine wa Msiri. Kadhalika, mwaka 1976 Antoine Munongo alirithiwa na nduguye Godefroid, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963. Hivyo basi, tawala hizo nne ni za vizazi viwili tu. Aidha, Mwenda, jina la Msiri mwenyewe, hurithiwa pamoja na kiti. Kwa hiyo anayelikuta katika hati sharti aulize kwanza ni Mwenda yupi.

Suala hili lina uzito nje ya vitabu pia. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, iliyoitwa Shaba wakati huo, kwa hoja kuwa si wenyeji. Ilhali nyumba ya Msiri, miongoni mwa nyumba mashuhuri za Katanga, husimulia yenyewe kuwa ilitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nasaba ikisomwa vyema, huonyesha kuwa uenyeji nao una tarehe yake ya kuanza.