Ndovu Mweupe Kwenye Nchi ya Ndovu Wekundu

Ndovu wa mbuga ya Tsavo Mashariki, Kenya, ni wekundu. Si rangi ya kuzaliwa nayo. Ni ule udongo wanaogaagaa ndani yake na kujirushia mgongoni. Basi mwanafunzi wa Voi, mji jirani na mbuga hiyo, akifungua gazeti la Kiingereza, akakuta soko lililojengwa likakosa wachuuzi limeitwa "a white elephant", ana haki ya kushangaa.

Chimbuko la nahau hiyo liko Siam ya kale, leo Thailand. Huko ndovu mweupe alikuwa mtakatifu: kazi hafanyi, lakini kulishwa na kutunzwa ni lazima. Husimuliwa kwamba mfalme akitaka kumfilisi mkuu fulani, humtunuku ndovu wa aina hiyo. Wanahistoria wanakitilia shaka kisa hicho, ila maana imedumu: mali inayomeza fedha bila faida. "The elephant in the room" ni ndovu mwingine kabisa, yaani jambo zito ambalo wote wanaliona na hakuna anayethubutu kulitaja. Kwa wakulima wanaopakana na mbuga, ambao mahindi yao huvamiwa usiku, ndovu asiyetajwa ni kichekesho.

Kisa cha chimbuko si pambo tu. Mwanaisimu Frank Boers wa Ubelgiji na wenzake walionyesha kuwa mwanafunzi anayeelezwa nahau ilitoka wapi huikumbuka vizuri kuliko anayekariri maana peke yake. Na hapo Voi ina bahati. Mji uliokuzwa na reli ya Uganda, ukapata na tawi la kwenda Taveta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hauhitaji maelezo marefu kuhusu "to let off steam": injini ya mvuke ikizidiwa na shinikizo hutolewa mvuke, na mwenye hasira naye hutafuta pa kuzimalizia. "To go off the rails" ni kupotoka au kuharibikiwa. Mswahili wa pwani husema mambo yamekwenda mrama, kwa kuwa yeye aliazima kwa chombo kinachoyumba baharini.

Mtego mbaya zaidi ni nahau zinazofanana sura. Mwenye mkono mrefu kwa Kiswahili ni mdokozi. "The long arm of the law" ndio mkono unaomnasa mdokozi huyo popote alipojificha. Mkono mzito kwetu ni wa bahili, ilhali "heavy-handed" husemwa, kwa mfano, juu ya askari anayetumia nguvu kupita kiasi. Anayetafsiri neno kwa neno hapa hakwami. Anakosea huku akijiamini, na hilo ni baya kuliko kukwama.

Hata simba ana hila. Katika hekaya ya Aesop simba alijitwalia windo lote, lakini leo "the lion's share" ni fungu kubwa kuliko mengine, na wengine nao hupata chao.

Mtahiniwa wa KCSE anayekutana na nahau ngeni kwenye ufahamu asikimbilie kutafsiri. Asome aya nzima, aone kama maana ya wazi inakubalika pale, kisha akisie kutokana na yanayozungumzwa. Nao walimu waache kujaza ubao orodha ndefu za nahau. Gazeti moja la wiki iliyopita linatosha kwa kipindi kizima.