Kulandanisha Mapigo ya Saa za Mitambo ya Simu

Miongoni mwa istilahi za simu zinazowatatiza wafasiri ni ile ihusuyo saa za mitambo ya kidijitali. Wengi huifasiri kwa "kutia saa majira". Kwa maoni yetu tafsiri hiyo yapotosha, kwa kuwa saa ya mtambo haitazamwi ili kujua kama ni saa mbili au saa tatu. Kazi yake ni kupiga mapigo, kama mpiga ngoma awaongozaye wachezaji.

Tuchukue mkazi wa Buguruni ampigiaye mfanyabiashara wa Kariakoo simu ya waya. Sauti yake hupimwa mara 8,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane. Mtambo upokeao hauna budi kuzisoma biti hizo kwa kasi ile ile zilivyotumwa. Ukienda mbio kuliko mwenzake, ghala yake ndogo ya biti hukauka, na kipimo kimoja hurudiwa. Ukienda polepole, ghala hufurika na kipimo hupotea. Huu twauita mtelezo. Saa mbili zikitofautiana kwa sehemu moja tu katika milioni, mtelezo hutokea kila baada ya sekunde 125. Msemaji husikia mlio mfupi, akaupuuza; waraka wa faksi huweza kupoteza mistari.

Dawa yake ni saa moja itoayo mwendo, nazo nyingine ziufuate. Kwa kawaida huwa saa ya atomi za seziamu, zile zile zilizotumika kufasili sekunde mwaka 1967 (ndio mwaka lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa). Kati ya nchi mbili zenye saa za namna hiyo, kanuni za kimataifa zataka mtelezo usizidi mmoja katika siku 70.

Wahandisi wa ng'ambo walizoea kuziita saa hizi "bwana" na "mtumwa". Katika pwani iliyowahi kuona misafara ya watumwa, hatuoni sababu ya kumfundisha fundi kwa maneno hayo. Twapendekeza saa kuu na saa fuasi. Wapo wapendao "saa tegemezi", lakini saa hiyo, njia ikikatika, huweza kuendelea kwa muda na mwendo iliokwisha kuushika. Haitegemei kila dakika.

Lipo pia neno "kusawazisha". Hilo hutosha kwa tofauti iondolewayo mara moja, kama tuta barabarani. Mapigo hayana budi kushikwa pamoja mchana na usiku, ndiyo maana twachagua kulandanisha. Mfasiri basi ataandika: "Saa fuasi hulandanishwa na saa kuu ili kuzuia mtelezo."