Pikipiki za Umeme: Usalama wa Betri Huanza Kabla ya Kulipa

Pikipiki na skuta zinazotumia umeme zimeanza kuonekana katika biashara ya bodaboda nchini. Kwa mkazi wa Kata ya Chanzuru anayefikiria kuziagiza kutoka nje ili aziuze, mvuto wake uko wazi: chombo hakihitaji petroli wala kumwaga oili. Hatari yake haionekani kwa macho, kwa kuwa imo ndani ya betri.

Kinachowekwa rehani hapa ni mambo mawili. La kwanza ni mtaji, hasa wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokopa katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mkopo huo hauna riba, lakini hurejeshwa hata kama mzigo umezuiwa bandarini. La pili ni maisha. Katika jiji la New York, mwaka 2023 pekee, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18. Septemba mwaka huo sheria ya jiji hilo ilianza kuzuia uuzaji wa vyombo vya aina hiyo visivyothibitishwa usalama.

Kwa nini betri hizi ni tofauti

Betri ya lithiamu hutunza nishati nyingi katika nafasi ndogo. Ndani yake mna seli nyingi zilizounganishwa, na kila seli ina kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Seli moja ikijazwa kupita kiasi, ikipondeka au ikiwa na hitilafu ya kiwandani, hupata joto. Joto hilo huzaa joto zaidi na kuhamia seli jirani. Ndiyo maana moto wake husambaa kwa haraka, hutoa moshi wenye sumu, na huweza kuwaka tena saa nyingi baada ya kuzimwa.

Kinga kuu ni kidhibiti kilichofungwa ndani ya betri, ambacho hukata umeme betri inapojaa au kupata joto. Betri za bei ya kutupa huweza kukosa kidhibiti cha kuaminika, au kuundwa kwa seli chakavu zilizotolewa katika kompyuta mpakato.

Kabla ya kulipa

Mwagizaji anashauriwa kudai mambo manne kwa muuzaji wa nje kabla ya kutuma fedha.

Kwanza, muhtasari wa majaribio ya Umoja wa Mataifa namba 38.3. Majaribio hayo hupima betri kwa joto, mtikisiko, mgongano, shoti na kujazwa kupita kiasi. Tangu Januari 2020 watengenezaji wanawajibika kuutoa muhtasari huo. Jina la modeli katika karatasi lifanane na lililobandikwa kwenye betri.

Pili, aina ya betri. Zenye chuma na fosfeti (LFP) huvumilia joto zaidi kuliko zenye nikeli (NMC).

Tatu, uzito. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba wati-saa 2,880, yaani karibu uniti tatu za LUKU. Betri ya kiasi hicho inayodaiwa kuwa na kilo saba au nane ina lebo ya uongo.

Nne, chaja iliyotengenezwa kwa ajili ya betri hiyo hiyo, na ankara inayoonyesha namba ya chasisi na ya mota. Pikipiki husajiliwa na TRA kabla ya kuingia barabarani.

Safarini na forodhani

Betri za lithiamu ni shehena hatarishi ya daraja la 9. Tangu Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi katika ndege za abiria. Kuzificha katika kontena la kuchangia kwa jina la “vipuri” ili kupunguza gharama ni kuhatarisha meli, mabaharia na mizigo ya wengine, na ni tamko la uongo mbele ya forodha.

Mwagizaji anahitaji TIN, wakala wa forodha mwenye leseni, na cheti cha ubora chini ya utaratibu wa TBS wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa. Leseni ya kuingiza bidhaa hutolewa na BRELA. Ya duka la rejareja hutolewa na halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Mwagizaji amwombe wakala hesabu kamili ya kodi mapema: pikipiki za umeme ziko katika kifungu cha forodha 8711.60 na betri katika 8507.60.

Dukani na nyumbani

Wengi huingiza pikipiki sebuleni usiku kwa kuogopa wezi. Kwa pikipiki ya umeme desturi hiyo ina hatari yake, kwa kuwa betri inayochajiwa karibu na mlango ikiwaka hufunga njia ya kutokea. Ichajiwe mahali penye hewa, mbali na mlango, magodoro na petroli, watu wakiwa macho. Dukani, betri zinazosubiri mnunuzi zitunzwe kivulini, zikiwa na chaji ya takriban nusu.

Kilosa inakumbuka mafuriko ya Mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010. Betri iliyozama majini isichajiwe wala kuuzwa, hata ikikauka. Itolewe nje, mbali na nyumba, sawa na iliyovimba au kutoa harufu kali. Betri zilizokwisha zisitupwe dampo wala kuchomwa. Zipelekwe kwa wakusanyaji wenye kibali.

Moto ukitokea, watu watoke kwanza, mlango ufungwe, kisha ipigwe simu 114 ya Zimamoto na kueleza kuwa kinachoungua ni betri ya lithiamu. Mtu asirudi ndani kuokoa chombo.

Mnunuzi naye adai risiti ya EFD, dhamana ya maandishi na nakala ya vyeti vilivyotajwa. Muuzaji aliyevidai kabla ya kulipa hatapata shida kuvionyesha. Kwa ushauri kuhusu leseni na mikopo, wananchi waonane na Mtendaji wa Kata, Afisa Biashara au Afisa Maendeleo ya Jamii kabla ya kuagiza.