Kabla ya Inchi, Uliza Wati

Katika maduka ya Wote, Mwingi au Kibwezi, televisheni huwashwa zote pamoja, na zote hupendeza. Muuzaji atakusomea yaliyoandikwa kwenye katoni: HD, Full HD, 4K, LED, QLED. Kwa familia nyingi za Kitui na Makueni, jambo la kwanza kuangalia liko nyuma ya runinga, kwa maandishi madogo: inakula wati ngapi.

Chukua nyumba inayotegemea sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Kama ni ya asidi, usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Basi una 120. Runinga ya inchi 24 ya volti 12, inayochomekwa moja kwa moja kwenye betri na kula wati 20, itakaa saa 6. Ya inchi 32 ya stima ya kawaida hula wati 40 hivi, na ukijumlisha zinazopotelea kwenye inverta zinafika 50. Hapo utatazama taarifa ya habari ya saa moja, kisha mpira ukukatikie kipindi cha pili.

Plasma kuukuu za ex-UK zina rangi nzuri, lakini nyingi hupita wati 200. Isitoshe, kampuni kubwa ziliacha kuzitengeneza kufikia 2014, kwa hiyo vipuri ni shida.

Mwenye stima ya uhakika ana nafasi ya kuchagua kioo. Inayoitwa LED ni LCD iliyowekewa taa ndogo nyuma; QLED pia ni LCD, ila imeongezewa tabaka la kukoleza rangi. Vioo vya LCD navyo ni vya aina mbili kuu. VA hutoa weusi uliokolea lakini hupauka ukikitazama kutoka pembeni. IPS hushika rangi hata kwa aliyekaa mwisho wa benchi. Dukani, sogea kando ya runinga uone kama nyuso za watu zinabadilika rangi.

OLED haina taa ya nyuma. Kila nukta hujiwakia yenyewe, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Inafaa chumba chenye giza na mwenye mfuko mzito. Kwa hoteli inayofungulia stesheni moja kutwa nzima, haifai: nembo iliyoganda pembeni inaweza kuacha alama ya kudumu.

Na 4K? Kwenye inchi 32, ukikaa zaidi ya mita 2, jicho la kawaida halitenganishi hata nukta za HD. Kwenye inchi 43, ukiwa mita 3, Full HD inatosha. Tena antena haikuletei 4K. Utahitaji intaneti yenye kasi.

Usisahau king'amuzi. Kenya ilizima mitambo ya analogi mwaka 2015, na matangazo ya antena huja kwa mfumo wa DVB-T2. Runinga isiyo na T2 ndani yake itakudai king'amuzi cha kando, nacho kina wati zake. Mwambie muuzaji atafute stesheni kwa antena ukiona, si kwa flashi.

Pesa zikibaki, usikimbilie inchi zaidi. Nunua TV guard, kwa sababu stima inayorudi kwa kishindo baada ya kupotea huunguza ya bei ghali na ya bei nafuu vilevile.